Mmoja Hakupanda

Sauti yake niliijua miezi kadhaa kabla ya kuuona uso wake. Ilikuwa sauti ya chini, kavu, ya mtu aliyevuta moshi mwingi maishani bila ya kugusa sigara, na ilikuwa na desturi ya kusita katikati ya sentensi mpaka nikadhani kaseti imekwama. Mimi nilikuwa mwandishi wa taarifa za vikao vya baraza la kutunga sheria. Wawakilishi wakizungumza ukumbini maneno yao yakinaswa, kisha sisi wanawake wanne wa chumba cha nyuma tukiyasikiliza kwa hedifoni na kuyaandika ili yachapwe kitabuni. Tuliambiwa tuandike neno kwa neno. Hatukuwa tukifanya hivyo, na mimi kuliko wenzangu wote.

Yeye alikuwa mwakilishi wa jimbo moja la kaskazini ya Unguja, huko ambako ardhi ni jiwe na mtu akitaka kulima muhogo hutafuta kwanza pahala penye udongo wa kujaza karai. Kabla ya siasa alikuwa mchoma chokaa. Alijifunza kusoma ukubwani, akiwa tayari ana mke na watoto. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka uleule nilioajiriwa, akachaguliwa tena na tena, vipindi vitano. Anayesikia hivyo atadhani alikuwa mkubwa. Hakuwahi kuwa waziri wala kuongoza kamati, na jina lake halikutajwa redioni zaidi ya siku za matokeo ya kura. Alikaa safu ya nyuma, akasimama mara chache, na kila aliposimama, hata kama kinachojadiliwa ni leseni za hoteli, alimalizia kwa maji. Kijijini kwake hapakuwa na bomba. Wanawake wakiteka maji pangoni, chini ya mwamba.

Nami lazima niseme nilikuwa nani wakati ule. Nilizaliwa Mji Mkongwe, katika nyumba ya babu yangu mzaa baba, Mwarabu aliyekuwa na mikarafuu mingi na ambaye mimi nilimkuta hana hata mche mmoja. Mali ilikwisha, ikabaki lugha. Mama yangu alinisimamisha mbele yake nikiwa na miaka sita akanikaririsha dhahabu, ghali, thamani, na nikisema "zahabu" narudia tangu mwanzo. Watu wa shamba, yaani wote wanaokaa nje ya mji, nyumbani kwetu hawakutukanwa, ila maneno yao yakiigizwa wageni wakija, watu wakacheka, na mimi nilikuwa hodari wa kuigiza. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuandika yasemwayo na wakubwa, nilijiona nimepata kazi niliyozaliwa nayo. Mwakilishi akisema "miye" nikaandika "mimi". Sentensi ikikatika nikaiunga. Mkubwa wangu wa kazi alinisifu kwamba kurasa zangu zinasomeka kama hotuba za Idd.

Asubuhi moja, kikao kikiwa kimekwisha wiki nyingi, mtu alipiga hodi chumbani kwetu. Alikuwa mzee mrefu, kanzu yake imepigwa pasi ikasimama, mkononi ana kitabu cha taarifa.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nani kati yenu ananiandika miye?"

Kwa sauti nikamjua papo hapo. "Siku zile uliposema wewe nliandika mimi, Mheshimiwa."

Akakaa bila ya haraka, akafungua kitabu pahala palipokunjwa pembe, akaweka kidole. Ngozi ya kidole chake ilikuwa na mabaka meupe na imepasuka-pasuka, kazi ya chokaa. "Hebu nisomee hapa."

Nikasoma: "Mheshimiwa Spika, wanawake wa jimbo langu wanapata usumbufu mkubwa katika kutafuta huduma ya maji safi na salama."

"Maneno mazuri. Kayasema nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Miye sijui kusema hivyo."

Wenzangu waliacha kuandika. Nikamweleza kwa adabu kwamba tunasafisha lugha kidogo tu, ili hata asiyekuwepo afahamu, na maana haibadiliki.

"Na yule aliyekufa mmemweka wapi?" akauliza.

Sikumfahamu. Nilimwambia sikumbuki kumsikia akitaja maiti.

"Nlisema, Mheshimiwa Spika, wake zetu washuka ardhini kabla ya siku yao, na mmoja hakupanda. Najua nlisema, maana nlikaa siku tatu nikitafuta vipi ntalisema jambo lile."

Hapo nikakumbuka. Siku ile walikuwa wakijadili kilimo, na kabla yake kulikuwa na maneno mengi juu ya mbegu. Niliposikia "mmoja hakupanda" nilidhani karudi kwenye mbegu, kwamba kuna mkulima mmoja hakupanda chochote. Sentensi haikuwa na kichwa wala miguu, nikaitoa. Ile ya kushuka ardhini niliiona ya ajabu, nikaibadilisha iwe usumbufu wa maji.

Akanieleza taratibu, kama mtu asiyetaka kunitia haya. Mke wa jirani yake, mama wa watoto wawili, aliteleza ndani ya pango akiwa na ndoo kichwani. Walimkuta chini, ameshakufa. Mume wake hakutaka msaada wa mtu. Aliomba jambo moja, kwamba mkewe atajwe barazani, ijulikane kuwa mtu amekufa kwa kufuata maji. Mwakilishi akaahidi. Kitabu kilipotoka, Ijumaa baada ya sala, kijana mmoja mwenye kusoma vizuri aliwasomea watu kibarazani mwa msikiti. Ukurasa ukaisha wote na marehemu hayumo. Mjane, yule mume wa marehemu, akainuka, akavaa viatu, akaondoka.

"Hajanitolea salamu tangu siku ile. Na wengine wanasema nimemficha kwa kuogopa wakubwa."

Jibu nililompa bado linaniuma. Nilimwambia kwamba kabla ya kuchapwa kila mwakilishi hupewa siku za kuhakiki maneno yake, na lau angekuja siku hizo tungesahihisha; sasa kitabu kishatoka.

"Siku hizo nlikuwa nimekaa na mfiwa," akasema. Alifunga kitabu, akashukuru, akaenda zake.

Adhuhuri hiyo niliitafuta kaseti. "Mmoja hakupanda" ilisikika wazi kabisa. Baada yake kulikuwa na kimya kirefu, kiti kikalia, mtu akakohoa mbali, kisha sauti yake ikarudi imepungua: "Naomba kuwasilisha." Kimya kile nilikuwa nimekipitisha kwa pedeli ya mguu, ile ya kupeleka kaseti mbele, ili nimalize mapema.

Nyumbani nilimsimulia mama. Nilitaraji atacheka, au aseme kama kawaida, watu wa shamba na maneno yao. Alikuwa akichambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo mume wa marehemu unamjua kwake?"

"Simjui."

"Mtafute. Kamwombe radhi wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Hilo usimwachie mzee wa watu akubebee."

Nilikwenda Jumamosi. Nilivaa buibui langu la kila siku, nikashukia njia panda ya kijiji chao na kuuliza nyumba ya mwakilishi. Nilidhani nitaoneshwa nyumba kubwa. Ilikuwa ya mawe na udongo kama za jirani, paa la bati limeshika kutu. Mkewe alikuwa uwanjani akisuka kili, mikanda ya ukindu ya kushonea mikeka. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa katika bilauri, nami nikayanywa kabla ya kufikiri yametoka wapi. Mwakilishi mwenyewe hakustaajabu kuniona. Alinipeleka nyumba ya pili, akasimama mbali kidogo, akaniacha niseme.

Mjane alikuwa mtu wa makamo, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemtoa mkeo kitabuni. Mheshimiwa alimsema. Nimesikia kwa masikio yangu, na kaseti ipo. Sikufahamu neno, nikalifuta. Nisamehe."

Akauliza, "Neno gani hukulifahamu?"

"Hakupanda. Nlidhani ni kupanda mbegu."

Nilitaraji hasira. Alitazama chini akasema, "Unakaa mjini, kwenye maji ya mfereji ndani ya nyumba. Utajuaje." Kisha akamwambia mke wa mwakilishi, aliyekuwa ametufuata na kusimama nyuma yangu, "Dada, mpeleke akaone."

Pango lilikuwa nyuma ya mashamba, mwendo wa robo saa juu ya mawe makali. Mdomo wake ulikuwa mdogo, umezungukwa na vichaka, na ndani kulikuwa na vidato vilivyochongwa na watu wa zamani, vimelika katikati kwa nyayo mpaka vikawa kama mabakuli. Mke wa mwakilishi alitangulia, ndoo mkononi, hakuhitaji kutazama. Mimi nilishuka kwa makalio kama mtoto. Baridi ilinipanda miguuni, mwanga ukabaki juu, na maji yalikuwa chini kabisa, safi ya kutisha. Alijaza ndoo, akajitwika kichwani, akaanza kurudi.

"Kuteremka si kazi," alisema akiwa juu yangu. "Kazi kupanda."

Hakusema ili anifundishe. Aliongea tu, kama tunavyoongea sote tukiwa kazini. Lakini nilisimama pale gizani nikashindwa kuinua mguu, na aliponisikia sipumui vizuri akaweka ndoo kidatoni, akarudi kunishika mkono.

Kikao kilichofuata mwakilishi alisimama mwanzo kabisa wa maswali. Mkubwa wangu aliniruhusu kukaa ukumbini, katika viti vya wageni, na huko nikamkuta mjane amevaa koti juu ya kanzu. Mwakilishi alisema yaleyale, kwa Kitumbatu chake, lahaja ya kwao kaskazini, na safari hii alimtaja marehemu kwa jina lake na jina la baba yake. Kisha akanyamaza. Hapana aliyemkatisha. Nilirudi chumbani nikaandika yote kama yalivyotoka, na pale aliponyamaza nikaandika katika mabano kwamba mzungumzaji alinyamaza kwa muda. Mkubwa wangu alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nikamweleza. Akafikiri, akaliacha.

Mjane alianza tena kumsalimia mwakilishi. Urafiki wao wa zamani, nilivyoambiwa baadaye, haukurudi kama ulivyokuwa. Walisalimiana, wakazikiana wafu wao, basi.

Tangu hapo, kila baada ya kusema barazani, mzee alikuwa akipita chumbani kwetu. Husimama mlangoni, akasema, "Kuna neno?" Nami kama lipo namuuliza. Mara nyingine lilikuwa neno la Kitumbatu nisilolijua, mara nyingine lilikuwa la kila mtu ila yeye alilitumia kwa namna yake. Hakuwa mtu wa hadithi. Hujibu, husikiliza nikimsomea, hutikisa kichwa, huenda. Niliolewa nikahamia Michenzani, nikazaa, kaseti zikaondoka zikaja kompyuta, wenzangu wawili wakastaafu, na yeye bado aliuliza, "Kuna neno?" Nywele zake zilikuwa nyeupe tangu nilipomjua, kwa hiyo sikuona akizeeka. Niliona kwa masikio. Pumzi ilifupika. Kusita kwake kulikuwa kwa kutafuta maneno. Mwisho kukawa kwa kutafuta hewa.

Nilimuuliza mara moja kama hachoki kuomba jambo moja miaka yote hiyo, kila bajeti, mawaziri wanabadilika na jibu halibadiliki.

"Nachoka," akasema. "Lakini nikisema jingine wataniuliza kwetu, lile la kwanza lishakwisha?"

Katika kipindi chake cha tano mabomba yalianza kulazwa. Niliandika hotuba ya waziri mwenyewe ikisema kazi itakamilika, na nilipoifikisha kwenye jina la kijiji kile niliondoa hedifoni. Lakini kabla ya kazi kumalizika zikaja kura za maoni ndani ya chama chake, naye safari hii hakupita. Aliyemshinda alikuwa kijana wa jimbo hilohilo, msomi wa chuo kikuu cha Tunguu, mwenye maneno mepesi na simu mbili. Watu walisema mzee kafanya kazi yake, apumzike. Wengine walisema miaka yote hiyo kaleta nini. Kijana hakumtukana hata mara moja, na mzee alimpigia kampeni.

Siku ya kuaga, wawakilishi wasiorudi walipewa nafasi ya kusema machache. Mwenzake mmoja alisema nusu saa. Yeye alisimama, akamshukuru Mungu, akamshukuru Spika, akawashukuru watu wa jimbo lake, akasema, "Na wanaotuandika huko nyuma. Nimekwisha." Niliyapata maneno hayo masikioni siku mbili baadaye, nikayaandika, na ilibidi nitoke nje.

Maji yalifunguliwa mwaka uliofuata. Nilikwenda na mume wangu, si kwa kazi. Kulikuwa na turubai, viti vya wageni, ngoma, na bomba limefungwa utepe. Kijana alikata utepe, wanawake wakapiga vigelegele, na kweli walikuwa na haki ya kupiga. Mzee alikaa safu ya tatu. Mwenye kuongoza shughuli alimtaja, akainuka nusu, akakaa. Nilipomfuata kumpa pongezi nilikuwa nimejiandaa kumfariji, kwa sababu mimi nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake.

"Wewe umenuna," akaniambia.

"Wangekupa wewe ukafungue, Mheshimiwa."

"Usiniite Mheshimiwa, nshaacha kazi. Miye sikuomba nifungue. Niliomba yaje." Akatazama kule kwenye foleni ya ndoo, akamtafuta mkewe kwa macho mpaka akamwona. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake: "Lakini ningependa. Sitakuongopea. Ningependa."

Alirudi nyuma ya nyumba yake kwenye tanuri la chokaa, si kuchoma mwenyewe bali kuwaelekeza waliobaki, na moshi ukamaliza kilichobaki kifuani. Alilazwa mjini mara mbili. Nilikuwa nikimpelekea uji, na kwa kuwa kusema kulimchosha, nilimsomea gazeti. Mara ya pili hakurudi kwao akiwa hai.

Hitima yake ilisomwa kijijini, wanaume msikitini na wanawake nyumbani. Viongozi walikuja na magari, wakasema maneno mema, wakaondoka kabla ya alasiri. Wanawake tulibaki. Mkewe alikuwa amekaa eda katika chumba cha ndani, nikaingia kumpa mkono. Alinishika, hakuniachia, akasema, "Bi mwandishi, una kalamu?"

"Naam, ninayo."

Bomba, akanieleza, lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita. Mwanzo maji yalitoka kila siku, kisha siku mbili kwa wiki, kisha hayakutoka tena. Mumewe alijua, alikuwa amekusudia kumwandikia barua mwakilishi mpya, akawahiwa na maradhi. Wanawake wameanza kurudi pangoni. Msichana mmoja amekwishaumia mguu.

"Tuandikie," akasema.

Wakaingia wengine, sita au saba, wakakaa mkekani na kando ya kitanda. Nilipata karatasi ya daftari la mjukuu. Kila mmoja alisema lake, wengine wakipandiana maneno, kwa Kitumbatu, na nilipokwama niliuliza. Mwanamke mmoja mzee alitaka niandike kwamba ndoo zimewekwa chini ya mfereji zinachuma vumbi, na mwenzake akasema hilo si la kumwandikia mkubwa. Wakabishana. Mwenye msiba akasema liandikwe, nikaliandika. Ilikuja kurasa mbili. Nikawasomea mara mbili, mara ya pili kwa sauti zaidi kwa ajili ya yule bibi mzee, ambaye hasikii vizuri. Walitia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka vidole kwa wino wa kalamu yangu.

Barua niliipeleka mimi Jumatatu, mkononi kwa kijana mwenyewe. Aliisoma yote mbele yangu amesimama, akauliza ile ya vumbi ina maana gani, nikamwambia maana yake ni kama ilivyoandikwa. Pampu ilikuwa imeharibika. Ilichukua muda, na barua mbili nyingine, mpaka ikatengenezwa. Sasa maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Siku nyingine wanashuka.